Mstari Nilioandika kwa Mkono

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mtu wa kulipua kazi. Waulize wote niliofanya nao. Watakwambia nina mdomo, nina hasira za karibu, na nikikuta mtu ameandika ovyo namsema mbele za wenzake mpaka anatamani ardhi ipasuke aingie. Haya yote ni kweli, siyakatai. Lakini kulipua kazi, hapana. Nililipua mara moja tu, asubuhi moja, dakika tano. Nanyi mtaona.

Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Meza nne, feni moja iliyofungwa kwa waya, na Bosi, ambaye hana meza kwa sababu hakai. Bosi kazi yake ni kuahidi watu vitu, sisi kazi yetu ni kuvitimiza. Ndivyo alivyoahidi hospitali kwamba tutawatengenezea mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, kila kitu kwenye kompyuta, mafaili ya karatasi yatupwe. Hospitali yenyewe ndiyo ile ambako dada yangu alikuwa muuguzi, wodi ya wanaume, mwaka wake wa kumi na tisa kazini.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki mimi nina miaka minane, yeye kumi na tisa, yuko chuo cha uuguzi. Baba alikuwepo kwa jina. Dada alikuwa ananisomesha hesabu huku amesimama anapiga pasi sare yake ya kesho, nikikosea ananigonga kichwani kwa kidole chenye harufu ya dawa ya hospitali. Nilipoanza kufungua redio za watu na kushindwa kuzifunga, akanibandika jina la Fundi. Jina likaganda. Hata hospitali nzima ilikuwa inaniita Fundi kwa sababu yake.

Yeye ndiye aliyetaka bango jekundu. Siku tuliyokwenda kuwauliza wauguzi wanataka nini, wengine walisema herufi kubwa, wengine walisema wanataka chai. Dada akasema wauguzi wanakimbia. Mtu ana wagonjwa thelathini, hana muda wa kusoma ukurasa mzima kutafuta kama kuna dawa inayomkataa mgonjwa. Kama mgonjwa ana mzio, liwekwe bango jekundu juu kabisa, upana wote wa skrini, maandishi meupe, limpige mtu machoni. Kama hana, pasiwe na kitu. Nikaona hilo ni wazo la mtu anayeijua kazi yake, nikaliandika.

Sasa nieleze kidogo, na msinune, ni kidogo tu. Ukurasa wa kompyuta una faili linaloamua rangi ikae wapi na herufi ziwe na ukubwa gani. Tunaliita stailishiti. Siku hizi hakuna mwenye akili timamu anayeliandika lote kuanzia sifuri. Unachukua fremuweki, yaani vitufe na vibao na rangi ambavyo wengine wameshavitengeneza, unaongeza vyako, halafu kuna programu inayosoma mafaili yote hayo kwa mpangilio, kuanzia juu kwenda chini, na kukutolea faili moja lililo tayari. Huko ndiko kukompaili. Na kuna sheria moja ambayo hata aliyeanza kazi jana anaijua: faili lililotolewa haliguswi kwa mkono. Unataka kubadilisha, rudi kwenye chanzo, badilisha huko, kompaili upya. Ukiandika kitu chako kwenye lile la mwisho, siku yoyote mtu akikompaili tena programu inalifuta na kutoa jipya, na kitu chako kimekwenda na maji, bila hodi wala kwaheri. Nimewahi kumfokea kijana wa watu nusu saa nzima kwa kosa hilo. Akalia, nikamwambia akalie nje.

Asubuhi ya kuonyesha mfumo hospitalini, bango likagoma. Tulikuwa tumeingiza toleo jipya la fremuweki usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa amri ya Bosi, aliyesikia mahali kwamba jipya ni bora. Nikakompaili, programu haikulalamika hata kidogo, lakini bango likatoka halina rangi. Maandishi meupe yapo palepale, nyuma yake ukurasa mweupe. Ukitazama huoni kitu. Nikajua tatizo ni mpangilio: orodha ya rangi zetu ilikuwa inasomwa baada ya fremuweki kumaliza kutengeneza rangi zake, kwa hiyo wekundu wetu ulifika wakati karamu imeshaisha. Lakini kila nilipoihamisha orodha, kitu kingine kilivunjika. Vitufe vikawa vya kijivu, pembe za vibao zikapotea. Nikatukana. Bosi amesimama nyuma yangu anachezea funguo za gari, chwa, chwa, chwa, anauliza kama tunaondoka au tunalala hapa.

Nikafungua faili lililotolewa. Nikashuka mpaka mwisho kabisa, nikaandika mstari mmoja kwa mkono: bango hili liwe jekundu. Nikahifadhi, nikafungua ukurasa, jekundu kama nyanya. Nikajiambia kesho nitarudi kwenye chanzo nilifanye kama inavyotakiwa. Tukaondoka. Hospitalini Dada alikaa mstari wa mbele, alipoliona bango akaniangalia akatikisa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya nikipata hesabu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Mtu mzima nina mke, nilifurahi kwa sababu dada yangu ametikisa kichwa.

Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa miezi minne, na muda wote huo hakuna aliyekompaili tena. Mnajua inavyokuwa.

Alhamisi moja mkurugenzi wa hospitali akalalamika kwamba bluu ya juu ya mfumo imepauka, anataka iliyokolea. Kazi ya kipuuzi. Nikaingia kwenye chanzo, nikabadilisha tarakimu moja, nikakompaili, nikaangalia bluu, imekolea, nikaituma kwenye mashine ya hospitali, nikaenda kula. Sikufungua ukurasa wa mgonjwa. Kwa nini niufungue? Nimegusa bluu, naangalia bluu. Ule mstari wangu wa mkono ulikuwa umeshafutika kabla sijafika kwenye ngazi.

Ijumaa, saa tano asubuhi, akapiga simu karani wa kumbukumbu wa hospitali. Mtu mpole, haharakishi. Akasema kuna muuguzi wodi ya wanaume analalamika kwamba tahadhari ya mgonjwa haikutokea, naomba uangalie. Nikafungua. Juu ya ukurasa peupe. Nikaburuta kipanya juu ya ule weupe, maandishi yakajitokeza: mzio, penisilini. Yalikuwepo muda wote, meupe juu ya meupe. Sikuhitaji kuuliza nini kimetokea, nilikijua kwa jina lake.

Hapo ndipo mikono yangu ilipofanya kazi bila kuniuliza. Nikarudi kwenye chanzo, nikazitazama zile rangi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, na kwa sababu Bosi hakuwa nyuma yangu na funguo zake, nikaona mara moja pa kuziweka: si mwanzo kabisa, si mwisho, katikati, baada ya fremuweki kutaja rangi zake na kabla ya kuanza kuzitumia. Mistari mitano. Nikaihamisha, nikakompaili, bango likawa jekundu, hakuna kilichovunjika, nikatuma. Dakika nne. Kitu cha dakika nne nilikiacha miezi minne.

Nikampigia karani. Nikamwambia nimeangalia, bango lipo. Akauliza kama lilikuwepo tangu asubuhi. Nikasema, "Lipo, upande wetu hakuna shida." Nikasikia kalamu yake inaandika. Akanishukuru. Ndipo nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kwani kumetokea nini. Akasema mgonjwa amefariki. Mwalimu mstaafu wa hesabu, aliletwa na homa ya mapafu, akadungwa penisilini, hakumaliza robo saa. Na kwenye kumbukumbu zake mzio umeandikwa wazi.

Karani akakohoa. Akasema, "Pole, Fundi. Muuguzi mwenyewe ni dada yako."

Mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nimejiuliza mimi kabla yenu, tena kwa lugha chafu zaidi. Simu ilikuwa bado iko sikioni. Ilitosha kusema, ngoja, nimekosea, futa ulichoandika. Lakini nilikuwa nimeshasema lipo, na limeshaandikwa, na mtu ameshakufa. Nilisema asante, nikakata simu.

Jumapili nilikwenda kwa Dada. Walikuwa wamemsimamisha kazi wakisubiri kamati, lakini alikuwa anapiga pasi sare. Akanihadithia bila kulia. Alifungua ukurasa wa yule mwalimu, akatazama juu kama anavyotazama siku zote, juu hapana kitu. Hata hivyo akamuuliza kwa mdomo kama kuna dawa inayomkataa. Mzee wa watu, homa imempanda, akamjibu kwamba kinachomkataa yeye ni wanafunzi wavivu tu. Wakacheka wote wawili. Akamdunga. Alipofika hapo Dada aliweka pasi chini, akasema alimshika mkono mpaka mwisho, na kwamba mwalimu hakuelewa kinachotokea, alikuwa anamwangalia yeye kana kwamba yeye atamweleza.

"Hapakuwa na kitu pale juu, Fundi," alisema. "Wewe ndiye uliyeutengeneza mfumo. Waambie."

Nikasema nitaangalia. Neno gani hilo, nitaangalia. Yeye akashusha pumzi, akasema basi amepona.

Kamati ilikaa Jumatano, kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki na skrini kubwa ukutani. Watu watano, mwenyekiti akiwa muuguzi mkuu, mama mkavu asiyepoteza maneno. Walifungua ukurasa wa marehemu mbele ya wote. Jekundu, upana wote wa skrini. Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Kisha wakamwita muuguzi aliyekuwa zamu moja na Dada, naye akasema asubuhi hiyohiyo alipita kwenye kompyuta ya mapokezi ya wodi, akaufungua ukurasa wa mwalimu kutafuta namba ya kitanda, na bango aliliona kwa macho yake. Hakudanganya. Kompyuta zina tabia ya kuhifadhi faili la zamani ili zisisumbuke kulipakua tena, na ile ya mapokezi ilikuwa bado inatumia lililokuwa na mstari wangu. Ya Dada ilikuwa imeshachukua jipya. Nilikuwa nimekaa pale, mtu pekee chumba kizima ninayeelewa kwamba wanawake wote wawili wanasema kweli, na nimefumba mdomo kama nimeshonwa.

Nilikuwa nimekuja na ukweli, niaminini. Niliufanyia mazoezi nikinyoa ndevu. Lakini Bosi alikuwa amekaa pembeni yangu, na njia nzima alikuwa amenieleza habari za mahakama, na za wenzangu watatu wenye watoto, na kwamba ukweli ni kitu kizuri lakini kina wakati wake. Sitaki kumtupia yeye. Yeye alizungumza, aliyenyamaza ni mimi. Niliogopa jela. Niliogopa pia, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko jela, niliogopa watu wajue kwamba mimi, mwenye mdomo wangu huu, niliandika kwenye faili lililotolewa.

Muuguzi mkuu akanitazama juu ya miwani. "Fundi, kuna namna yoyote bango hili lingeweza kutoonekana?"

"Kwa jinsi lilivyoandikwa," nikasema, "haiwezekani."

Mnaona ujanja huo? Kwa jinsi lilivyoandikwa. Lilivyoandikwa Ijumaa saa tano na robo, ni kweli kabisa, haiwezekani. Nilijipangia maneno kama wakili wa shetani, na nikaona fahari sekunde moja kwamba sijasema uongo. Sekunde moja.

Muuguzi mkuu akafunga faili lake. Akasema kwamba kama hata ndugu wa tumbo moja wa muuguzi huyu anasema hivyo, kamati haina la kuongeza. Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilidhani udugu utanifanya nisiaminike. Kumbe ndio uliompigilia Dada msumari. Dada alikuwa ananiangalia, wala si kwa hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa, anatafuta yeye amekosea wapi, kwa sababu mimi siwezi kuwa ndiye niliyekosea.

Wakamfukuza kazi, wakamnyang'anya leseni. Miaka kumi na tisa. Mjane wa mwalimu aliandikiwa barua kwamba mumewe alikufa kwa uzembe wa muuguzi na kwamba hatua zimechukuliwa. Sisi tukapewa hospitali nyingine mbili, kwa sababu mfumo wetu ulithibitika.

Miezi miwili sikulala usingizi wa maana. Mke wangu akasema nimekuwa kama mtu anayesubiri kugongewa mlango. Nikashindwa. Jumapili moja, saa nane mchana, nikaweka laptopu kwenye mkoba. Ndani yake kulikuwa na kila kitu: kila badiliko la chanzo lina tarehe, saa na jina langu, na faili la Alhamisi lilikuwepo, lile lisilo na mstari. Mtoto wa shule angeweza kulifungua akaona weupe. Nikapiga moyo konde. Nilikuwa naenda kumwambia Dada, kisha twende wote kwa muuguzi mkuu, na litakalokuwa liwe.

Nilimkuta anapanga vyombo. Amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Kabla sijakaa sawasawa akasema vizuri umekuja, kuna jambo lilikuwa linamkaa rohoni.

"Nimekumbuka," akasema. "Bango lilikuwepo."

Sikuelewa. Akanielezea taratibu, kama anavyoelezea mtu aliyekubali ugonjwa wake. Mwanzo alikuwa na uhakika halikuwepo, akibisha na kila mtu. Kisha akaanza kulala akiliona. Jekundu, maandishi meupe, neno penisilini. Kila siku likawa wazi zaidi, mpaka sasa analiona alipokuwa amesimama, mkono kwenye kipanya, na anakumbuka alivyolipita. Alikuwa ameamka na kichwa kinamuuma siku ile. Alikuwa amechoka. Aliliona na akalipita.

Akasema ameshakwenda nyumbani kwa mjane. Alipiga magoti sebuleni kwake, mbele ya watoto wake wakubwa, akakiri kwamba tahadhari aliiona. Mjane alisimama akafungua mlango, akaushikilia mpaka Dada alipotoka. Na sasa, akasema, amebaki kuomba msamaha kwangu, kwa sababu alitaka kuitupa kazi ya mikono yangu matopeni mbele za watu ili ajiokoe yeye.

Hapo nikamwambia. Sijui niliongea muda gani. Nilimwambia mstari, mkono, mpangilio, bluu ya mkurugenzi, meupe juu ya meupe, simu ya karani, kompyuta ya mapokezi. Nilimwambia hakuwa na kosa lolote, alitazama na hapakuwa na kitu, na mimi nilijua tangu saa tano ya Ijumaa ile. Nililia mpaka makamasi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, sahani mkononi.

Kisha akaiweka sahani, akanifuta uso kwa kiganja chake.

"Usinifanyie hivyo, mdogo wangu," akasema. "Najua unataka kunifariji."

Nikasema ni kweli, Dada, naapa.

"Ingekuwa kweli ungesema siku ile. Mimi nimekulea, nakujua. Usingeniacha pale peke yangu."

Akasema nisije nikayarudia maneno hayo mbele za watu, nitafukuzwa kazi bure, na katika familia aliyefukuzwa anatosha mmoja. Mkoba ulikuwa kati ya miguu yangu. Kuifungua laptopu, dakika moja. Kumwonyesha tarehe na saa, dakika nyingine. Alikuwa ananitazama kwa macho makavu, ametulia, na nilijua kwamba nikifungua, atajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba hakumuua yule mwalimu, na kwamba mimi nilimwacha pale.

Nikasema, "Sawa, Dada."

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipakulia, akakaa mbele yangu kuhakikisha namaliza, nami nikala mpaka nikamaliza.